Dereva anajua, kondakta anajua, msimamizi ndiye wa mwisho kujua: jibu kwa mwenye daladala tano

*Swali: Ninasimamia daladala tano za familia yetu hapa Dar es Salaam, zote Toyota Coaster, zinazofanya kazi kati ya Gongo la Mboto na Makumbusho. Nina madereva watano na makondakta watano, na kila jioni wananiletea hesabu, yaani kiasi maalumu cha siku, ya shilingi 80,000 kwa gari. Mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp ili kila asubuhi waniandikie nani ametoka na gari gani na gari lina hali gani, na usiku limelala wapi. Wiki ya kwanza waliandika. Sasa kundi limejaa salamu na picha za foleni, na habari ninazozihitaji sizipati. Mwezi uliopita gari moja liligonga bajaji Buguruni, abiria wa bajaji akaumia mkono, na hapo ndipo nilipojua kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni deiwaka, yaani dereva wa kibarua anayepokea gari kwa safari chache, ambaye sijawahi kumwona. Kampuni ya bima inaniuliza jina lake na leseni yake. Fundi naye ameniambia kwamba breki za gari jingine zimekwisha siku nyingi na dereva wake alikuwa anajua. Ndugu zangu wanataka tuwafukuze wote na kuanza upya na watu wa mshahara. Je, hilo ndilo suluhisho? Na nifanyeje ili nipate taarifa za kila siku bila kugeuka polisi wa watu wangu?*

Pole kwa ajali hiyo, na pole zaidi kwa aliyeumia. Nitaanza na jambo hilo kwa sababu lina haraka yake. Mtu aliye katika hali yako mara nyingi hushauriwa aandike jina la dereva wake wa kudumu, mwenye leseni safi, badala ya jina la deiwaka aliyekuwa anaendesha. Usifanye hivyo, hata kama dereva mwenyewe amekubali. Maelezo ya uongo kwa polisi na kwa kampuni ya bima ni kosa jipya juu ya lile la kwanza, na yakigundulika yanaipa kampuni sababu ya kukataa dai ambalo pengine ingelilipa. Mtafute huyo deiwaka leo, chukua nakala ya leseni yake, uangalie daraja lake na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha toa maelezo ya kweli kwa maandishi. Kwa kuwa kuna mtu aliyeumia, nenda kwa wakili ukiwa na hati ya bima, akusomee masharti yanayohusu nani anaruhusiwa kuendesha gari hilo, kabla hujasaini karatasi nyingine yoyote.

Sasa nije kwenye yale uliyouliza. Unataka kujua kama uwafukuze watu wako, na unataka kujua namna ya kupata taarifa za kila siku. Mimi nayaona maswali hayo mawili kuwa ni moja, kwa sababu katika kazi ya daladala taarifa hufuata mkondo wa pesa. Mfanyakazi humweleza tajiri wake, yaani mwenye gari, mambo ambayo kuyasema hakumpunguzii kipato, na hunyamazia yale ambayo akiyasema atapoteza siku. Ukiwaomba watu wakuandikie kila asubuhi habari ambazo, chini ya mapatano mliyonayo, zinawaumiza wao wenyewe, watakuandikia kwa wiki moja kwa heshima yako, kisha watarudi kwenye salamu na picha za foleni. Hakuna programu ya simu itakayobadilisha hilo kama mapatano yenyewe hayajabadilika.

Tuyatazame mapatano hayo kwa mfano wa tarakimu, ambao utaurekebisha kulingana na hali ya magari yako. Chukua siku ya kawaida ambayo gari limekusanya shilingi 220,000. Mafuta yamekula 90,000, hesabu yako ni 80,000, na 10,000 imeishia kwa wapiga debe, kuosha gari na chakula cha mchana. Zinabaki 40,000, ambazo dereva na kondakta watagawana. Siku ya pili mvua inanyesha, foleni ya Tazara haisogei, gari linapoteza safari moja, na makusanyo yanashuka hadi 185,000. Mafuta hayapungui, kwa sababu injini hunguruma hata gari likiwa limesimama kwenye foleni, na hesabu yako pia haipungui. Watu wawili waliokuwa barabarani tangu alfajiri wanabaki na shilingi 5,000. Makusanyo yamepungua kwa chini ya moja ya sita, kipato chao kimepungua kwa sehemu saba kati ya nane, na chako hakijapungua hata senti.

Ndani ya mfano huo yamo karibu mambo yote unayoyalalamikia. Safari za asubuhi na mchana ni za mafuta na za hesabu. Safari za mwisho za siku ndizo za wafanyakazi. Kwa hiyo hawawezi kulaza gari mapema, hata wakichoka, kwa sababu kulaza gari mapema ni kuacha ujira wao barabarani. Ndiyo maana pia gari hukatisha ruti: asubuhi abiria wote wanaingia mjini na gari hurudi karibu tupu, hivyo dereva anayegeuzia Ubungo badala ya kufika Makumbusho anaokoa dakika na dizeli za kuwahi kujaza tena kule wanakoanzia. Ndiyo maana wanafunzi, wanaolipa sehemu tu ya nauli ya mtu mzima, huachwa kituoni wakati wa asubuhi wakilia kuchelewa shule, jambo ambalo linaniumiza kila ninapoliona na ambalo halitakoma kwa kuwagombeza makondakta peke yake.

Deiwaka naye anatokea hapo hapo. Gari linalotoka saa 11 alfajiri na kulala saa 3 usiku limefanya kazi saa 16. Hakuna binadamu anayeweza kukaa kwenye usukani wa Coaster kwa muda huo, siku sita au saba kwa wiki, katika barabara za Dar es Salaam. Una madereva watano kwa magari matano, kwa hiyo tangu siku ya kwanza biashara yako ilikuwa na nusu tu ya madereva inaowahitaji, na pengo hilo lilizibwa kimya kimya na vijana wanaokaa kituoni wakisubiri kupewa safari mbili za mchana kwa ujira mdogo wa papo kwa papo. Dereva wako hakukuambia kwa sababu alijua utakataza, na ukikataza bila kumpa mtu wa kumpokea, utakuwa umemwagiza aendeshe akiwa anasinzia.

Kuhusu breki, jiulize ingekuwaje kama dereva angekuja kukuambia. Gari lingekwenda gereji siku moja au mbili, na siku hizo yeye na kondakta wake wasingepata chochote. Matajiri wengine hudai hesabu ya nusu siku hata pale gari lilipopelekwa kwa fundi saa 6 mchana, na wako wanaomkata dereva bei ya spea kwa madai kwamba ndiye aliyeichakaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu aliyewekewa adhabu ya kusema ataficha tu. Nakuomba hili la breki lisisubiri mkutano wa familia: magari yote matano yapelekwe kwa fundi unayemwamini, akague breki, tairi na usukani, na lile ambalo tayari amekuonya lisitoke uani mpaka litengenezwe.

Usinielewe kwamba nadhani hesabu ilibuniwa na watu wabaya. Tangu serikali iliporuhusu daladala za watu binafsi mwaka 1983, wakati UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, ilipokuwa imeelemewa na abiria, utaratibu huu umedumu kwa sababu unamwondolea mwenye gari shida moja kubwa, nayo ni kwamba hawezi kujua nauli kiasi gani imekusanywa ndani ya gari ambalo yeye hayumo. Kwa kukubali kiasi maalumu, anaacha kujali kilichokusanywa. Bei ya urahisi huo ni kwamba anaacha pia kujua kinachotokea barabarani, na ajali zake, uchovu wake na uchakavu wake vinabaki kwa wengine mpaka siku vinapomfikia kwa jina la kampuni ya bima.

Hapo nifikie pendekezo la ndugu zako. Kuwafukuza watu kumi kwa pamoja kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kazi: watu wapya wakiingia katika mapatano yale yale, kwa saa zile zile, watakuwa na tabia zile zile kabla miezi mitatu haijaisha, nawe utakuwa umepoteza watu wanaoyajua magari yako. Ya pili ni ya kisheria, na naona haijazungumzwa ndani ya familia yenu. Wamiliki wengi huamini kwamba dereva wa hesabu si mwajiriwa, kwamba amekodi gari kwa siku na basi. Usiitegemee imani hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya yale yaliyotajwa humo, kwa mfano kwamba saa zake au namna anavyofanya kazi vinaelekezwa na mwingine, kwamba amepewa vitendea kazi na huyo mwingine, au kwamba anamtegemea kiuchumi. Dereva wako anaendesha gari lako, katika njia iliyoandikwa kwenye leseni yako ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na kila jioni anarudi kwako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, na mgogoro ukifika mbele ya chombo cha sheria bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia mwajiri. Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na fidia inaweza kufikia mishahara ya miezi mingi kwa kila mmoja. Kama yupo mmoja ambaye kosa lake ni kubwa, mfano aliyekabidhi gari kwa mtu asiye na leseni, mwite kwa maandishi, umsikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wake, kisha uamue juu yake peke yake. Usiwachanganye wote katika kosa la mmoja.

Je, mshahara ndio jibu? Kwa sehemu tu. Mshahara kamili wa mwezi, usiohusiana na makusanyo, unamwondolea dereva sababu ya kukimbizana na ya kukatisha ruti, na unamfanya akuambie ukweli kuhusu gari bila woga. Lakini unarudisha kwako ile shida ya zamani: sasa ni wewe unayetakiwa kujua nauli ngapi zimeingia, na kondakta mwenye mshahara mdogo na mfuko uliojaa sarafu anajaribiwa kila siku. Wamiliki wengi waliojaribu njia hii kwa papara waliona makusanyo yakishuka ndani ya mwezi mmoja, wakarudi kwenye hesabu wakiwa na hasira kuliko mwanzo. Ninachokushauri ni mshahara wa msingi usiopungua kima cha chini cha sekta ya usafirishaji katika amri ya mishahara inayotumika, na juu yake asilimia ya makusanyo ya gari baada ya kutoa mafuta. Hapo siku mbaya inawaumiza nyote kidogo, na siku nzuri inawafaidisha nyote. Mafuta lazima yatolewe kwanza, vinginevyo dereva atalipwa kwa safari zinazokula dizeli bila kuleta kitu.

Utapoteza kiasi fulani mikononi mwa kondakta, na ni vyema ukalikubali hilo mapema ili lisikugeuze mtu wa kushuku kila kivuli. Unaweza kulipunguza kwa njia za kawaida. Weka Lipa Namba ya biashara ndani ya kila gari, ili abiria anayetaka kulipa kwa simu alipe kwako moja kwa moja. Linganisha magari yako yenyewe kwa yenyewe: matano katika njia moja, siku moja, saa zile zile, hayawezi kutofautiana sana wiki nzima bila sababu, na ukiona moja liko chini daima, uliza kwanza kuhusu gari kabla ya kuuliza kuhusu mtu. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika sehemu hii ni kwamba usitumie habari njema kama fimbo. Tajiri anayesikia kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi gari lilikusanya vizuri, kisha Jumatatu akapandisha hesabu, hatasikia habari njema tena maisha yake yote. Waahidi wafanyakazi kwa maandishi kwamba viwango havitabadilika kwa miezi sita kwa sababu ya chochote watakachokueleza, na uitimize ahadi hiyo.

Anza na magari mawili, wala si matano. Kama familia haiko tayari hata kwa mawili, basi irekebisheni hesabu yenyewe: iwe ndogo Jumapili, siku za likizo za shule na siku za mvua kubwa, isidaiwe kabisa siku gari liko gereji kwa kasoro ambayo dereva ameitaja mwenyewe, na ipitiwe upya kila mwezi baada ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kutangaza bei kikomo za mafuta, jambo linalofanyika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hesabu iliyopangwa dizeli ikiwa bei nyingine na ikaachwa hivyo hivyo kwa mwaka mzima inawakata watu wako mshahara bila ninyi kuitana hata mara moja.

Kuhusu saa za kazi, sheria hiyo ya ajira inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na kwa hali yoyote mtu asizidi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa ziada. Kuna njia mbili zinazofaa kwa ukubwa wa biashara yako. Ya kwanza ni zamu mbili, saa 11 alfajiri hadi saa 7 mchana, na saa 7 mchana hadi saa 3 usiku, kila moja ikiwa na saa moja ya mapumziko. Dereva wa siku sita anafanya saa 42 kwa wiki. Inahudumia abiria vizuri zaidi, lakini inahitaji madereva 12 kwa magari matano yanayotoka kila siku, na kila mmoja atapata kipato cha nusu siku. Ya pili ni kupokezana siku kwa siku, kisha gari lenyewe kupumzishwa wakati abiria ni wachache: kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, halafu saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku. Hapo una saa 10, moja ikiwa ya ziada inayolipwa si chini ya mara moja na nusu, na mtu anapumzika siku nzima inayofuata. Madereva huipenda zaidi, na dizeli ya saa za mchana inaokolewa, ingawa abiria wa usiku utawapoteza. Kwa magari yako mimi ningechagua hii ya pili kwa kuanzia, baada ya kuhakikisha na ofisi ya LATRA kwamba haipingani na masharti ya leseni yako.

Njia yoyote utakayochagua, madeiwaka uwatoe gizani. Waambie madereva wako wakuletee majina ya wale wanaowaamini, bila kumhoji mtu kuhusu yaliyopita. Kila mmoja aje na leseni, uangalie kama daraja lake linatosha kwa idadi ya abiria wa gari: C1 kwa gari la abiria kuanzia 15 na wasiofikia 30, C kwa abiria 30 na kuendelea. Mpande naye safari moja kamili, katika saa ya foleni, uone anavyosimama na anavyoondoka kituoni. Wanaofaa wawe madereva wa akiba wenye majina kwenye orodha yako na kwa kampuni ya bima, na wengine wajulishwe kwa upole kwamba hawataruhusiwa. Kuanzia siku hiyo, kumkabidhi gari mtu asiye kwenye orodha liwe kosa moja ambalo halina mjadala, na kila mtu atie saini akilijua.

Baada ya hayo ndipo taarifa za kila siku zitakuwa na maana, na utashangaa zinavyohitaji vitu vichache. Kwa kila gari andaa kadi ya karatasi ngumu, kadi moja kwa siku moja. Juu yake yaandikwe jina la dereva na la kondakta, kilomita za kutoka na za kurudi, mafuta yaliyojazwa, saa ya kufika kila mwisho wa njia na makusanyo ya kila safari. Upande wa nyuma ni wa gari: asubuhi kabla ya kutoka, dereva azunguke gari akiangalia tairi na nati zake, taa, kioo na vipangusio, mlango wa abiria, mafuta ya injini, maji na mafuta ya breki, kisha aikanyage breki gari likiwa limesimama asikie kama inashuka. Ni kazi ya dakika kumi. Akiona kasoro anaiandika, na jioni anayepokea gari anasaini kwamba ameisoma. Saa za kufika zitakuonyesha ruti iliyokatishwa bila wewe kumfuata mtu, kwa sababu hakuna gari linalofika Makumbusho na kurudi kwa dakika arobaini saa 2 asubuhi.

Kadi isiyosomwa hufa kama lile kundi la WhatsApp. Kila jioni pitia kadi tano, na kila kasoro iliyoandikwa ijibiwe kabla ya asubuhi, hata kama jibu ni kwamba spea inanunuliwa Ijumaa na gari linaweza kwenda mpaka hapo. Kwa breki, usukani, tairi na mlango jibu hilo la kusubiri halipo. Gari linalala na wafanyakazi wanapata posho ya siku. Mtu akishaona mara mbili kwamba aliandika na jambo likafanyika, hutahitaji tena kumkumbusha.

WhatsApp uiache, lakini uipe kazi moja. Ratiba ya kesho itumwe na wewe mwenyewe kila siku saa 1 jioni: gari, dereva, kondakta, dereva wa akiba, na neno moja kama kuna barabara iliyofungwa. Wafanyakazi wajibu kwamba wameona, na mazungumzo mengine yawe na kundi lao wenyewe ambalo wewe humo. Asiye na simu janja apigiwe. Mambo ya dharura, yaani ajali, gari kuharibika, au kusimamishwa na trafiki, yaje kwa simu ya kawaida na yaletwe na kondakta. Dereva asiguse simu gari likiwa linatembea, na wewe usimpigie dereva saa ambazo unajua yuko barabarani. Kanuni za kudumu, kama kiwango cha nauli, wanafunzi, na nani analipa faini, ziandikwe kwenye karatasi moja ibandikwe mahali magari yanapolala, na zisomwe kwa sauti siku zinapobadilika, kwa kuwa si kila mtu atakayekiri kwamba maandishi yanamsumbua. Na kosa la mtu lisitajwe kamwe mbele ya kundi. Mwite pembeni.

Nimegusa faini, na hizo huzaa ugomvi mwingi kuliko hesabu yenyewe. Faini za trafiki zinasomeka kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, kwa hiyo unaweza kuziangalia wewe mwenyewe kila wiki ukaona kosa na tarehe. Gawanya kwa haki: mwendo kasi na kupakia pasiporuhusiwa ni vya dereva, tairi kipara, taa mbovu na bima iliyokwisha ni vyako. Ukitaka kumkata mfanyakazi kwa hasara aliyoisababisha kwa kosa lake, sheria inakutaka umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kumnyima ujira wa wiki nzima kwa sababu ya kioo kilichovunjika hakuruhusiwi, hata kama ndivyo ilivyozoeleka kituoni.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hauyamalizi. Mikataba mipya iandikwe na mtu wa sheria za kazi, au angalau uipeleke kwa afisa kazi aisome kabla ya kusainiwa; ukiwaalika wawakilishi wa chama cha wafanyakazi wa usafiri, COTWU(T), mapema, utapunguza maneno ya pembeni. Mhasibu akukokotolee michango ya NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake, pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na kodi ya mshahara, ili ujue gharama kamili kabla hujataja kiwango chochote kwa mtu. Fanya hesabu hiyo ukiwa na ndugu zako mezani. Huenda ikaonyesha kwamba magari matano kwa mpango mpya hayalipi na matatu yanalipa, na ikiwa ni hivyo, mkae muulizane ni magari gani mawili yauzwe, mkianza na lile ambalo fundi wenu anasema linakula spea kuliko mengine.